Mrehani Si wa Maiti Peke Yake

Kila asubuhi Hajara alifagia uwanja wake kabla ya kuchemsha chai. Nyumba yake ilikuwa Namatala, mjini Mbale. Ilikuwa na vyumba viwili na paa la madebe yaliyokunjuliwa na kupigwa nyundo. Zamani paa lilikuwa la mabati mazuri. Mabati yaliibwa wakati wa vita.

Hapa nieleze kidogo, kwa sababu vijana hawajui, na wazee wengine wanajifanya wamesahau. Serikali ya jeshi ilipoanguka mwaka 1979, watu wengi walisema kwamba kila Mnubi alikuwa askari wa serikali ile. Hajara ni Mnubi. Babu yake aliletwa Uganda kutoka Sudani na jeshi la wakoloni. Lakini Hajara mwenyewe alikuwa akiuza mandazi. Mume wake, Marjan, alikuwa fundi cherehani. Watu wenye sare na bunduki walimchukua Marjan dukani kwake, na hakurudi. Hajara akamshika mkono binti yake Ramula, wakakimbilia Sudani. Waliishi kambini miaka mingi.

Vita vilipopoa, walirudi. Waliikuta nyumba tupu. Mlango umechukuliwa. Madirisha yamechukuliwa. Hata mlango wa choo ulichukuliwa. Mpaka leo najiuliza mtu mzima anabebaje mlango wa choo cha mwenzake, kisha anakwenda kulala.

Kitu kimoja tu kilibaki. Mrehani ulikuwa umejiotea wenyewe kando ya ukuta, kutoka mwanzo hadi mwisho. Wezi hawakuuona kuwa ni mali.

Mrehani ni mmea mdogo wenye harufu tamu. Majani yake ni ya kijani, na maua yake ni madogo, meupe. Waganda na Wasoga wana ndugu yake mwenye majani makubwa zaidi. Wanamwita mujaaja.

Katika ukoo wa Hajara mrehani ulikuwa na kazi moja. Mtu akifa, majani yake yalitiwa katika maji ya kumwoshea. Mama yake Hajara alimfundisha hivi: majani haya hayaliwi, hayauzwi, na mtu akija kuyaomba kwa ajili ya maiti, hanyimwi wala haulizwi maswali. Hajara alifuata maneno hayo bila kupunguza hata moja.

Mtu aliyekuja mara kwa mara kuomba majani aliitwa Dauda. Alivaa kanzu safi na alikuwa na baiskeli. Zamani alikuwa dresa jeshini, yaani mtu wa kufunga vidonda. Alikuwa akisimama uwanjani na kuinamisha kichwa.

"Mama Hajara, kuna maiti," alisema.

"Inna lillahi," Hajara alijibu. "Ngoja nikukatie."

Alimkatia matawi mpaka gunia likajaa. Dauda alimwombea dua, akafunga gunia kwenye baiskeli, akaenda. Wiki iliyofuata alirudi. Kulikuwa na maiti mwingine.

Jirani yake, Geresom, Mugisu mmoja, mwenyeji wa Mbale, mkulima wa vitunguu, aliyatazama mambo hayo akiwa upande wa pili wa ua.

"Mama Hajara," alisema siku moja, "huyu mtu nazika wapi? Mimi hapana sikia kilio. Hapana ona watu nakwenda makaburini."

"Wewe Geresom, ulimi wako hauna kazi," Hajara alimjibu. "Vita vimeua watu wengi. Unataka wapige filimbi ndiyo ujue wamekufa?"

Geresom alicheka, akarudi kwenye vitunguu vyake. Mimi simlaumu Hajara. Namlaumu yule aliyejua kwamba mama huyu haulizi maswali, akaigeuza adabu yake kuwa shamba la kuvunia.

Siku moja dereva wa lori alileta ujumbe kutoka Jinja. Ramula, binti yake Hajara, alikuwa ameolewa huko na mvuvi. Aliishi Masese, kando ya ziwa. Mtoto wake Sofia alikuwa mgonjwa, na mume wake alikuwa visiwani kuvua samaki.

Hajara hakungoja. Alipanda lori lilelile, akaketi juu ya magunia ya vitunguu. Njiani askari walisimamisha lori. Askari mmoja kijana alimtazama sana usoni.

"Wewe Mnubi?" aliuliza.

"Mimi ni bibi ya mtoto mgonjwa," Hajara alijibu.

Askari aliwaacha wapite.

Nyumba ya Ramula ilikuwa ya udongo, karibu na mahali pa kukaushia samaki. Sofia alikuwa amelala mkekani. Alikuwa na umri wa miaka minne. Mwili wake ulikuwa moto, na midomo yake ilikuwa imekauka. Ramula alimwinua kichwa, akamtilia mdomoni kijiko cha maji ya kijani kutoka kwenye chupa.

"Unampa nini?" Hajara aliuliza.

"Dawa ya homa, Mama."

Hajara aliichukua chupa, akainusa. Akainusa tena. Kisha alimimina maji kidogo kiganjani, akayaonja. Vipande vya jani vilibaki mkononi mwake.

"Nani alikuuzia hii?"

"Daktari Dauda. Anatoka Mbale. Anakuja kwa treni na baiskeli yake. Masese yote wananunua kwake."

Hajara aliketi mkekani.

"Ramula, huyo si daktari. Na haya ni majani yangu. Nilimpa ya kuoshea maiti."

Ramula alikiweka kijiko chini polepole. Alimtazama mtoto wake, akaitazama chupa.

"Aliniambia ni dawa ya dini," alisema. "Aliniambia nisimpe mtoto vidonge, kwa sababu vidonge vinavunja nguvu ya dawa."

"Na kliniki? Hapa Masese hakuna kliniki?"

"Iko. Lakini ni ya askari wa jela. Muuguzi wao anaitwa Otim, mtu wa kaskazini. Anavaa sare, Mama. Dauda alisema, 'Unawezaje kumpeleka mtoto kwa watu waliomchukua baba yako?'"

Msomaji, simama hapo kidogo. Mtu huyu hakuuza maji ya majani peke yake. Aliuza na hofu ya watu. Alijua kidonda cha Ramula kiko wapi, akakibonyeza ili auze chupa. Mimi nikifikiria jambo hilo, damu inanichemka.

Kabla Hajara hajasema neno, Sofia alikakamaa. Macho yake yaligeuka. Mikono na miguu ilianza kurukaruka. Ilikuwa degedege. Ramula alitaka kumtia kijiko mdomoni, lakini Hajara alimzuia. Alimlaza mtoto ubavu, akamshikia kichwa. Degedege ilipomwachia, alimbeba kifuani.

"Tunakwenda kliniki," alisema.

"Mama, kwa Otim?"

"Hata kama ni kwa shetani mwenye sare. Funga mlango."

Kliniki ilikuwa karibu sana. Otim alikuwa mtu mrefu. Alivaa shati la kaki la askari wa jela, na juu yake koti jeupe. Hajara alipoliona shati lile, hakuingia. Alisimama mlangoni.

"Afande," alisema, "mtoto."

Otim hakuuliza jina wala kabila. Alimchukua Sofia, akamlaza kitandani. Alimtoboa kidole, akachukua tone la damu kwa ajili ya kupima. Alimwekea dripu ya maji yenye sukari na dawa ya kwinini. Alitazama damu katika hadubini, yaani kile chombo cha kuonea vijidudu. Kisha akawageukia akina mama.

"Ni malaria. Imepanda mpaka kichwani. Hiyo degedege si shetani, si ndege, ni malaria. Homa ilianza lini?"

"Imekuwa siku nyingi," Ramula alisema, akitazama sakafu.

"Siku nyingi, na nyinyi nakaa tu nyumbani," Otim alisema kwa ukali. "Mtoto iko karibu kufa. Mguu wenu iliuma?"

Hapo Hajara alisahau woga.

"Usinifokee, afande," alisema. "Watu wenye sare walimchukua mume wangu dukani, na sindano ya cherehani ikabaki ndani ya nguo. Walichukua mabati yangu. Nimelala Sudani chini ya turubai. Leo unauliza kwa nini hatukuja kwako. Jitazame umevaa nini."

Otim alitazama shati lake. Alirekebisha dripu. Halafu akasema kwa sauti ndogo:

"Mama, hasira yako ni haki yako. Hata mimi, kaka yangu walichukua. Mwaka sabini na mbili. Wale nachukua yeye, wewe najua ni nani."

Hajara alijua. Wakati ule jeshi lilikuwa na vijana wengi wa Kinubi. Walisimama pande mbili za kitanda, na mtoto katikati yao.

"Huyu hakuchukua mtu," Otim alisema mwisho. "Tutibu yeye kwanza."

Usiku ule hawakujua kama Sofia angeamka. Kulipokucha alifungua macho, akaomba maji. Ramula alilia. Hajara hakulia. Aliichukua ile chupa, ambayo Ramula alikuwa ameifunga ndani ya leso, akaiweka mezani mbele ya Otim.

"Niambie ukweli," alisema. "Haya majani ni sumu?"

Otim aliinusa chupa.

"Mrehani. Hapana, mama, si sumu. Ni majani mazuri. Yako mpaka nyumbani kwangu. Shida si majani, shida ni uongo. Wadudu wa malaria iko ndani ya damu. Majani haya haiui wao. Wewe nampa mtoto chupa, homa nashuka kidogo, nafikiri amepona. Wadudu nazidi kuzaa. Siku mtoto naanguka, umechelewa."

"Basi yanafaa nini?"

"Tumbo ikijaa gesi, kunywa chai yake. Kikohozi kidogo, mafua kidogo, chai yake natuliza koo. Mtu mkubwa asiyetaka kula, harufu yake naleta hamu. Ni hiyo tu. Kikohozi ikikaa, au ikitoa damu, njoo kliniki. Homa ya mtoto, njoo siku hiyohiyo. Usingoje kesho."

"Na mbu? Watu wanasema mbu wanaikimbia harufu."

"Wanaichukia kidogo. Weka dirishani, si vibaya. Lakini usitegemee hiyo. Lala ndani ya chandarua. Mwaga maji nasimama kwa makopo."

Halafu alimwambia mambo mengine, na mimi nayaandika hapa kwa sababu yamewahi kuumiza watoto. Mtoto mchanga asipewe chai ya majani yoyote. Maziwa ya mama yanamtosha. Majani yasipondwe na kuwekwa kwenye kitovu chake, wala kwenye jicho la mtu. Mama mjamzito anaweza kula mrehani kidogo ndani ya chakula, lakini asinywe maji yake makali kama dawa. Na maji ya majani yaliyokaa siku nyingi kwenye chupa yanaoza hata kama hayanuki. Yanaweza kuleta kuhara.

Mchana mke wa Otim alileta chakula. Aliitwa Night. Alibeba sufuria ya mchuzi wa mputa, yule samaki mkubwa wa ziwani. Alipofunua sufuria, Hajara alirudi nyuma.

"Umetia mrehani," alisema.

"Ndiyo, mama. Kwangu hapana pika samaki bila hiyo."

"Kwetu ni majani ya maiti. Hatuli."

Night hakucheka, na mimi namsifu kwa hilo. Alifikiri kidogo kabla ya kujibu.

"Maji pia naosha maiti," alisema. "Na bado wewe nakunywa."

Sofia alikuwa amesikia harufu. Hakuwa amekula tangu homa ianze. Aligeuza kichwa, akafungua mdomo. Ramula alimtazama mama yake, akingoja. Hajara alikuwa akimkumbuka Marjan, ambaye hakuoshwa na mtu yeyote, kwa majani wala kwa maji. Mwisho alichukua kijiko yeye mwenyewe, akamlisha mjukuu wake. Kisha akaonja.

"Ni tamu," alisema, na sasa machozi yakamtoka. "Miaka yote hii, kwenye ukuta wangu, na mimi nakula maharage yasiyo na ladha."

Night alimweleza jinsi ya kupika nao. Majani hutiwa sufuriani mwishoni, chakula kikikaribia kuiva, kwa maana yakichemka sana harufu yote inatoka na mvuke. Yanafaa kwenye samaki, maharage, nyanya na mchuzi wa nyama. Kwa chai, majani machache huoshwa, hutiwa kwenye kikombe, humiminiwa maji yanayochemka, na kikombe hufunikwa kidogo. Mtu akitaka kuyahifadhi, huyakausha kivulini. Jua hulichoma jani likabaki takataka.

Sofia alikuwa bado kitandani Dauda alipofika Masese. Alisimamisha baiskeli yake pale wanapoteremsha samaki. Kwenye kikapu chake chupa zilikuwa zimepangwa vizuri, kila moja na kizibo cha gunzi la mahindi. Akina mama walimzunguka. Hajara alipita katikati yao.

Dauda alipomwona, uso wake ulibadilika.

"Mama Hajara. Umekuja kutembea Jinja?"

"Nimekuja kwa mjukuu wangu. Amekunywa chupa yako. Yuko kliniki na sindano mkononi."

"Pole sana. Labda hawakufuata maelezo yangu."

"Majani haya umeyatoa wapi, Dauda?"

Dauda aliangalia kushoto na kulia. "Si wewe mwenyewe ulinipa? Kwa mkono wako. Hata bure."

"Nilikupa ya maiti," Hajara alisema. Hakupaza sauti, lakini akina mama wote walimsikia. "Ukayachukua ukawapa wazima, na ukawakataza dawa, mpaka wawe maiti kweli. Uliniambia kuna maiti. Ulikuwa unawahesabu hawa?"

Dauda alianza kufunga kikapu. Akina mama hawakumpisha. Walimpeleka, yeye na baiskeli yake, kwa mwenyekiti wa RC, yaani baraza la mtaa. Mwenyekiti alikuwa mzee mpole aliyechoka na kesi za nyavu na mipaka. Alimsikiliza Hajara. Alimwita Otim, akamsikiliza na yeye. Wengine walitaka Dauda apigwe. Mwenyekiti alikataa.

"Kupiga tumepiga sana nchi hii," alisema. "Atamwaga chupa zote. Halafu atakwenda kila nyumba aliyouza. Ataambia watu kwa mdomo yake kwamba hii si dawa, na mtoto mwenye homa aende kliniki leo. Hapana kesho. Baada ya hapo polisi watamchukua."

Ikawa hivyo. Dauda alikwenda mlango kwa mlango. Hajara alikuwa nyuma yake, na mwenyekiti nyuma ya Hajara. Katika nyumba nyingine walitukanwa. Katika nyumba nyingine mama alimbeba mtoto wake palepale na kukimbia kliniki, hata mlango hakufunga.

Walifika kwa mwanamke mmoja Mugisu aliyeitwa Janepher. Alikuwa ameketi nje akipeta mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani. Mtoto wake mdogo, Gidudu, alikuwa akitambaa kando yake.

"Mama," Dauda alisema, "nimekuja kusema ile dawa haitibu malaria. Peleka mtoto kliniki."

Janepher aliendelea kupeta.

"Mtoto gani?" aliuliza. "Kama ni Kakai, wewe nachelewa. Sisi nazika yeye mwezi iliyopita."

Janepher alinyanyua macho.

"Chupa ulisema nimalize. Mimi namaliza yote. Hata ya mwisho, kizibo nampa alambe."

Hajara aliniambia kwamba pale alitaka ardhi immeze, ingawa kosa halikuwa lake. Alichuchumaa karibu na Janepher. Alichukua ungo wa pili, akaanza kupeta naye. Mwenyekiti akamwondoa Dauda.

Polisi walimshika Dauda kwa muda, kisha wakamwachia. Nasikia siku hizi anauza mafuta ya kuotesha nywele katika mji mwingine. Mimi simwamini hata kwa nywele. Watu kama yeye hawapungui kwa sababu ya polisi. Wanapungua watu wakiacha kuwanunulia.

Sofia alipopona kabisa, Hajara alirudi Mbale. Siku ileile alipika maharage. Yalipokaribia kuiva, alikata majani ukutani, akayaosha, akayatia sufuriani. Harufu ilivuka ua. Geresom alikuja akaegemea uzio.

"Mama Hajara, leo nani amekufa?"

"Leo hakuna aliyekufa. Leta sahani."

Geresom alikula sahani mbili, kisha akaomba mbegu. Kuhusu kupanda, Hajara hakuhitaji mwalimu. Alimfundisha hivi, na wewe unaweza kufanya hivyo hata kama huna shamba.

Chukua kopo kuukuu, au jerikeni iliyokatwa. Toboa matundu chini ili maji yatoke, kwa sababu mzizi ukilala kwenye maji unaoza. Jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyozeeka. Mbegu za mrehani ni ndogo sana. Zinyunyize juu, zifunike kwa udongo mwembamba tu, na umwagilie kwa mkono, tone kwa tone, zisisombwe. Weka kopo penye jua. Miche ikitoka, ing'oe iliyosongamana, uache yenye nguvu. Huna mbegu? Kata tawi kwa jirani, ondoa majani ya chini, liweke kwenye glasi ya maji mpaka litoe mizizi, kisha lipande.

"Mrehani ukifika urefu wa kiganja, kata ncha ya juu," Hajara alimwambia.

"Nakata mtoto kichwa?" Geresom alishangaa.

"Kata. Utatoa matawi mawili badala ya moja. Na maua yakija, yakate pia. Mrehani ukishachanua, majani yanakuwa machache na machungu. Acha mmoja tu uchanue, upate mbegu."

Kabla ya mwaka kwisha, nyumba nyingi za Namatala zilikuwa na makopo ya mrehani mlangoni. Hajara bado anawapa wafiwa majani, na bado hachukui kitu kwao. Lakini sasa anauliza maiti ni nani, na anakwenda kuzika. Mtu akija na mtoto mwenye homa akiomba majani, Hajara hampi hata jani moja. Anavaa viatu, anamshika mkono, na kumpeleka kwenye kituo cha afya. Wengine wanamwona mkali. Aendelee hivyohivyo.

Neno moja kwako msomaji. Dawa za malaria zimebadilika tangu wakati ule. Usitafute jina la dawa katika hadithi hii ukanunue dukani. Nenda upimwe. Ukipewa dawa, maliza zote, hata kama mtoto ameanza kucheza.

Hajara alipeleka miche Masese kwa lori la vitunguu. Ramula alipanda. Majirani walipanda. Janepher alikataa. Alisema hataki kusikia harufu ile nyumbani kwake, na hakuna aliyemlazimisha. Mimi pia nisingemlazimisha. Samaki hupikika bila mrehani.

Wakati wa mvua Gidudu, mtoto wake aliyebaki, alishikwa na homa. Ilikuwa asubuhi. Janepher aliacha mukene juani, huku kunguru wakiwala. Alimbeba mtoto, akaingia kliniki bila kubisha hodi. Otim alimpima. Ilikuwa malaria, lakini ilikuwa changa. Alimpa dawa, akamweleza jinsi ya kuitumia. Janepher aliimaliza yote kama alivyoambiwa, na Gidudu akapona bila dripu wala degedege.

Alimrudisha mtoto ili atazamwe tena. Otim alifurahi.

"Wewe nafanya vizuri sana, mama," alimwambia. "Unaleta yeye mapema."

Janepher alitazama mlango uliokuwa wazi. Kutoka pale aliweza kuiona nyumba yake, na ungo wake ukutani.

"Hii kliniki ilikuwa hapahapa wakati ya Kakai," alisema.

Janepher alimfunga Gidudu mgongoni, akaenda nyumbani kumpikia.